Famasi Inapouzwa, Duka Likabaki

Famasi iliyo ndani ya duka kubwa ni biashara ndani ya biashara. Mteja aliyekuja kununua sabuni na maziwa hupitia kaunta ya dawa, hukabidhi cheti cha daktari, kisha huzunguka kwenye rafu akisubiri jina lake liitwe. Mfamasia, msaidizi wake, keshia na kijana anayepanga bidhaa huvaa nembo moja na hulipwa na mwajiri mmoja. Mwenye duka akiiuza famasi hiyo kwa kampuni nyingine, kaunta hubaki palepale na dawa huwa zilezile, lakini wanaofanya kazi nyuma yake huwa wa mwajiri mpya. Wenzao wanaobaki upande wa duka nao huanza kujiuliza idara gani itafuata.

Mauzo ya namna hiyo yametokea mara kadhaa Marekani na Uingereza, na mawili makubwa yalitangazwa katika kiangazi kimoja. Tarehe 15 Juni 2015 Target, kampuni ya maduka makubwa yenye makao yake Minneapolis, ilitangaza kwamba inaiuzia CVS Health famasi zake zote kwa dola bilioni 1.9. Zilikuwa zaidi ya 1,660, zimetapakaa katika majimbo 47, pamoja na kliniki ndogo karibu 80. Mwezi uliofuata Sainsbury's ya Uingereza ikatangaza kuuza famasi zake 281 kwa Celesio, kampuni iliyomiliki LloydsPharmacy, kwa pauni milioni 125. Upande wa Target waliohusika walikuwa watumishi wa afya wapatao 14,000, na upande wa Sainsbury's watu wapatao 2,500. Matukio haya mawili yakitazamwa pamoja, huonyesha vizuri jinsi wafanyakazi wanavyopokea mauzo kama hayo, na kwa nini wengine hutulia ilhali wengine huondoka.

Kwa nini duka huuza famasi yake

Kwa mtazamaji wa nje, famasi huonekana kuwa biashara isiyoweza kukosa faida, maana wagonjwa hawakosekani. Hesabu za ndani ni tofauti. Nchini Marekani sehemu kubwa ya bei ya dawa za cheti hailipwi na mgonjwa bali na bima, na kati ya bima na famasi husimama kampuni za kusimamia mafao ya dawa. Kampuni hizo ndizo zinazoamua famasi italipwa kiasi gani kwa kila dawa inayotoa. Famasi yenye matawi mengi hununua dawa kwa wingi na kwa bei nafuu, na ina nguvu ya kubishana kuhusu malipo. Famasi ya duka la nguo, vyombo na vyakula haina nguvu hiyo. CVS ilikuwa na matawi zaidi ya 7,800 na, tangu iungane na Caremark mwaka 2007, ilimiliki pia mojawapo ya kampuni kubwa za kusimamia mafao ya dawa.

Target yenyewe ilikuwa katika wakati mgumu. Mwishoni mwa 2013 wezi wa mtandaoni waliiba taarifa za kadi milioni 40 za wateja wake. Brian Cornell alichukua uongozi mwaka 2014, na Januari 2015 akatangaza kufungwa kwa maduka yote 133 ya Kanada. Machi mwaka huohuo kampuni ilipunguza watu wapatao 1,700 makao makuu. Mkakati mpya ulikuwa kuweka nguvu kwenye mavazi, vitu vya watoto na vitu vya nyumbani, na kuachia wengine kazi ambazo Target haikuwa bingwa wake. Famasi ilihesabiwa miongoni mwa hizo.

Mfululizo huo ni muhimu katika kuelewa hisia za wafanyakazi. Mtu anayesikia kwamba famasi imeuzwa haisikii habari hiyo peke yake. Huiunganisha na ya miezi iliyopita. Baada ya Kanada na makao makuu, tangazo la Juni lilionekana kwa wengi kuwa hatua nyingine katika safari ya kupunguza watu, hata kama uongozi ulilieleza kuwa ushirikiano.

Aina mbili za mauzo

Kabla ya kupima hofu ya mfanyakazi ni lazima kujua kilichouzwa ni nini hasa. Katika aina ya kwanza, mnunuzi huchukua famasi nzima: kaunta, dawa zilizopo, kumbukumbu za wagonjwa na watu. Ndivyo ilivyokuwa kwa Target na Sainsbury's. Famasi za Target ziliendelea kufanya kazi ndani ya maduka yaleyale chini ya jina la CVS, na mnunuzi aliahidi kuwapa watumishi wa afya nafasi zinazolingana na walizokuwa nazo.

Katika aina ya pili, kinachouzwa ni kumbukumbu za wagonjwa tu. Mnunuzi hulipia orodha ya watu na vyeti vyao, akaihamishia kwenye tawi lake la jirani, na kaunta ya zamani ikafungwa. Shopko, kampuni ya maduka ya Wisconsin iliyoomba ulinzi wa kufilisika Januari 2019, iliuza famasi zake kwa njia hiyo. Rite Aid, iliyofilisika mara ya kwanza Oktoba 2023 na mara ya pili Mei 2025, iliuza kumbukumbu nyingi kwa washindani wake kabla ya kufunga maduka yake yote. Katika mauzo ya aina hii mfanyakazi hana anachorithi isipokuwa nafasi ya kuomba kazi kwa mnunuzi kama mtu mwingine yeyote.

Ndiyo maana swali la kwanza linaloulizwa katika chumba cha mapumziko huwa fupi sana: tunachukuliwa au hatuchukuliwi?

Wanaohama

Wafanyakazi wa famasi si kundi moja. Mfamasia ana shahada na leseni yake binafsi. Akichukia mwajiri mpya anaweza kuvuka barabara. Hofu yake kubwa huwa juu ya namna ya kufanya kazi. Katika kampuni kubwa za famasi muda wa kumhudumia mteja hupimwa, idadi ya chanjo zinazotolewa hupimwa, na simu za kuwakumbusha wagonjwa kuchukua dawa huwekewa malengo. Mfamasia aliyezoea zamu ya utulivu ndani ya duka la vyombo huona kwamba ujuzi wake utakuwa uleule, lakini mwendo wa siku utabadilika.

Msaidizi wa mfamasia yuko mahali pagumu zaidi. Ndiye anayepokea cheti, kuingiza taarifa kwenye kompyuta, kuhesabu vidonge na kugombana na bima kwa simu. Malipo yake ni ya saa, na idadi ya saa hupangwa wiki kwa wiki. Kwake yeye ahadi ya nafasi inayolingana haitoshi, kwa sababu kiwango cha malipo kwa saa kinaweza kubaki kilekile huku saa zenyewe zikipungua kutoka 35 hadi 22. Wasaidizi wengi katika maduka makubwa pia huchukua zamu za kukaa kwenye mashine ya malipo au kupanga bidhaa ili wajaze wiki. Famasi ikishauzwa, mtu hawezi tena kuvuka kaunta kwenda kuongeza saa, kwa sababu huko ng'ambo ni kwa mwajiri mwingine. Analazimika kuchagua abaki dukani au ahame na dawa.

Kisha kuna orodha ya mambo madogo ambayo kwa kweli si madogo: siku za likizo zilizokusanywa, bima ya afya ya familia, akiba ya uzeeni, punguzo la bei dukani. Kubwa kuliko yote ni miaka ya utumishi. Mtu aliyefanya kazi miaka 11 amejijengea haki ya kuchagua zamu, likizo ndefu zaidi na mshahara uliopanda hatua kwa hatua. Anachotaka kujua ni kama kwa mwajiri mpya atahesabiwa kuwa na miaka 11 au siku moja.

Makabidhiano yenyewe huwa na uzito wake. Sheria za Marekani zinadai kwamba famasi inapohamishwa kwa mmiliki mwingine, dawa zote zinazodhibitiwa, kama vile za maumivu makali na za usingizi, zihesabiwe siku hiyohiyo. Orodha moja huwa hesabu ya mwisho ya muuzaji na hesabu ya kwanza ya mnunuzi. Famasi hufungwa, vidonge hupitishwa kwenye trei kwa kijiko cha kuhesabia, namba huandikwa na kutiwa sahihi, na kompyuta za kampuni ya zamani huzimwa ili za kampuni mpya ziwashwe. Asubuhi mfamasia yuleyule humkaribisha mgonjwa yuleyule akiwa na programu asiyoijua vizuri, foleni ikirefuka na lawama zikimwangukia yeye.

Chupa nyekundu

Katika mauzo ya Target, jambo lililoonyesha wazi kilichopotea lilikuwa chupa ya dawa. Mwaka 2005 Target ilianza kutumia chupa iliyobuniwa na Deborah Adler, aliyeianza kama kazi yake ya masomo katika School of Visual Arts, New York, baada ya bibi yake kumeza kwa makosa dawa ya babu yake. Chupa za kawaida za famasi za Marekani ni za mviringo, na mtu hulazimika kuzizungusha ili asome maandishi. Ya Adler ilikuwa bapa na nyekundu, imesimama juu ya kifuniko chake. Jina la dawa liliandikwa juu kabisa, na chini likafuata agizo la matumizi kwa herufi kubwa. Kila mtu katika familia alikuwa na rangi yake ya pete kwenye shingo ya chupa, ili baba asinywe dawa ya mama. Jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa la New York, MoMA, liliiweka katika mkusanyiko wake.

CVS ilipochukua famasi hizo, ilirudisha chupa zake za kawaida. Wateja walilalamika hadharani. Wengine waliomba warudishiwe zile nyekundu, wengine wakatunza chupa kuukuu. Waliosikiliza malalamiko hayo ana kwa ana hawakuwa wakubwa waliotia sahihi mkataba bali watu wa kaunta. Kwa miaka kumi chupa ile ilikuwa fahari yao, kitu walichoweza kukionyesha na kusema hapa kwetu dawa haichanganywi. Mwaka 2017 CVS ilitangaza mpango wa kuwapangia wagonjwa ratiba ya dawa uliobuniwa pamoja na Adler huyohuyo, lakini chupa nyekundu haikurudi.

Wanaobaki

Mjadala wa mauzo kwa kawaida hujaa wanaohama na kuwasahau wanaobaki. Mhudumu wa idara ya vyakula hapotezi kazi famasi inapouzwa, hata hivyo naye huathirika. Kwanza, mgonjwa anayekuja kuchukua dawa kila mwezi hununua na vitu vingine, na akihamia kwingine huondoka na kapu lake lote. Katika robo ya pili ya mwaka 2016 mauzo ya Target yalishuka kwa asilimia 7.2, hasa kwa sababu fedha za famasi na kliniki hazikuwa tena katika vitabu vyake. Mauzo ya maduka yaliyokuwapo tangu mwaka uliotangulia, ukiacha hesabu hiyo ya famasi, nayo yalishuka kwa asilimia 1.1. Mauzo yakipungua, saa za zamu ndizo za kwanza kukatwa.

Pili, mteja hajali nani anamlipa nani. Chanjo ikichelewa au bei ya dawa ikipanda, humfuata mfanyakazi wa kwanza anayemwona mwenye nembo ya duka. Mfanyakazi huyo hana mamlaka juu ya famasi, hana funguo zake, wala hawezi kuona kumbukumbu zake, lakini anatakiwa kumtuliza mtu aliyekasirika.

Tatu, ni hofu ya kesho. Joel Brockner, mtafiti wa Marekani aliyechunguza kwa miaka mingi wafanyakazi wanaobaki baada ya wenzao kuondolewa, alionyesha kwamba bidii yao hutegemea sana jinsi walivyoona wenzao wakitendewa. Walioondoka wakitendewa haki, waliobaki huendelea na kazi yao. Wakitendewa ovyo, waliobaki hupunguza juhudi, kwa sababu wamekwisha kuona kitakachowapata.

Namna habari inavyosemwa

Mauzo ya kampuni zinazouza hisa kwa umma hulazimika kuwekwa siri hadi siku ya kutangazwa. Kwa hiyo mfanyakazi mara nyingi huisikia habari redioni au kwenye simu kabla msimamizi wake hajaita kikao. Siri hiyo ina sababu za kisheria, ila uchungu wake haupungui, na kinachoamua mambo ni maelezo yanayofuata.

Utafiti mmoja wa Jerald Greenberg, uliochapishwa mwaka 1990, unaeleza jambo hili vizuri. Kampuni moja ilipoteza mikataba na ikapunguza mishahara kwa asilimia 15 kwa muda wa wiki 10 katika viwanda vyake viwili. Katika kimoja, uongozi ulifanya kikao kirefu, ukatoa hesabu, ukajibu maswali na kuonyesha masikitiko. Katika kingine, wafanyakazi walipewa maelezo mafupi na kikao kikafungwa. Wizi wa mali ya kazini uliongezeka kote kuwili, lakini uliongezeka zaidi kule kulikokosa maelezo, na walioacha kazi wakawa wengi huko. Hasara ya mshahara ilikuwa ileile, na tofauti ilikuwa heshima.

Mwanauchumi Albert Hirschman alikwisha kueleza katika kitabu chake cha mwaka 1970 kwamba mtu asiyeridhika na taasisi yake ama huondoka, ama hupaza sauti, na uaminifu wake ndio unaoamua atangoja kiasi gani. Watafiti waliomfuata waliongeza njia nyingine, ya kubaki kazini huku mtu akiwa amekata tamaa na kufanya kazi nusunusu. Famasi iliyouzwa huwa na watu wa kila namna: mfamasia kijana anayetuma maombi kwingine wiki ileile, msaidizi mzoefu anayesimama kikaoni kuuliza kuhusu likizo yake, anayenyamaza akiamini mambo yatatengemaa, na anayekuja kazini kwa sababu tu kodi ya nyumba inangoja. Katika kazi ya dawa, huyu wa mwisho ndiye wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu kosa la kuhesabu au kusoma jina vibaya linaweza kumdhuru mgonjwa.

Sheria inalinda nini

Hapa ndipo Marekani na Uingereza zinapoachana. Katika majimbo yote ya Marekani isipokuwa Montana, mfanyakazi asiye na mkataba maalumu anaweza kuachishwa wakati wowote bila kupewa sababu, mradi sababu hiyo isiwe iliyokatazwa na sheria, kama vile ubaguzi. Ipo sheria ya mwaka 1988 inayowataka waajiri wakubwa watoe taarifa ya siku 60 kabla ya kupunguza watu wengi kwa pamoja. Lakini biashara inapouzwa, wafanyakazi wa muuzaji huhesabiwa kuwa wa mnunuzi mara tu mauzo yanapokamilika, na wajibu wa taarifa kwa yatakayofuata huhamia kwa mnunuzi. Palipo na chama cha wafanyakazi, Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua mwaka 1972 kwamba mwajiri mpya anayeajiri wengi wa wafanyakazi wa zamani lazima akae mezani na chama chao, ila halazimiki kufuata mkataba wa zamani. Wafanyakazi wa Target kwa jumla hawakuwa na chama, hivyo mengi yalitegemea ahadi za kampuni hizo mbili.

Uingereza ina kanuni za mwaka 2006 zinazohusu kuhamishwa kwa biashara. Mfanyakazi huhama na mkataba wake kama ulivyo: mshahara, saa za kazi, likizo na miaka ya utumishi. Mnunuzi haruhusiwi kumwachisha kwa sababu tu ya uhamisho huo. Wawakilishi wa wafanyakazi lazima waarifiwe na washauriwe mapema, na mwajiri anayepuuza hilo anaweza kuamriwa kumlipa kila mhusika hadi mshahara wa wiki 13. Anayekataa kuhama ana haki ya kukataa, ila kwa kawaida ajira yake huishia hapo bila fidia. Haki za pensheni ya kazini kwa sehemu kubwa hazihami, na hili huwashtua wengi waliodhani kila kitu kitakuja nao.

Thamani ya kanuni hizo ilionekana baadaye. Januari 2023 LloydsPharmacy ilitangaza kwamba itaondoka katika maduka yote 237 ya Sainsbury's ambamo bado ilikuwa na famasi, na ikaondoka mwaka huohuo. Kwa sheria ya Uingereza, malipo ya kupunguzwa kazini hukokotolewa kwa miaka ya utumishi, hadi miaka 20, na anayestahili ni aliyefikisha angalau miwili. Mtu aliyeanza kazi Sainsbury's mwaka 2005 alihesabiwa kuanzia 2005, si kuanzia siku famasi ilipobadili jina mwaka 2016. Kipengele kilichoonekana wakati huo kuwa cha karatasi kiligeuka kuwa fedha mkononi miaka saba baadaye.

Marekani nako kaunta hazikubaki zote. Mwanzoni mwa 2024 CVS ilitangaza kufunga baadhi ya famasi zake zilizo ndani ya maduka ya Target. Miezi michache kabla yake, Septemba 2023, wafamasia wa CVS katika eneo la Kansas City walisusa kazi wakilalamikia uhaba wa watumishi. Malalamiko hayo hayakuwa ya famasi za Target pekee, lakini yaligusa jambo lilelile lililowatia hofu wengi mwaka 2015, yaani kazi nyingi kwa mikono michache.

Yaliyoachwa na matukio haya

Mauzo ya famasi hayamuumizi kila mfanyakazi. Wapo waliopata mwajiri ambaye dawa ndiyo kazi yake kuu, mafunzo zaidi na nafasi za kupanda vyeo ambazo duka la nguo na vyombo lisingeweza kutoa. Walioumia zaidi ni wale ambao miaka yao haikuhesabiwa, saa zao zilipungua, au waliambiwa mambo yatakuwa sawa bila kuonyeshwa kwa maandishi.

Kwa mfanyakazi yeyote anayekuta idara yake inauzwa, maneno mazuri ya kikaoni si kinga. Maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi ni machache: kilichouzwa ni biashara nzima au orodha ya wateja tu, miaka ya utumishi itaanza kuhesabiwa lini, saa za wiki zimehakikishwa au la, likizo iliyokusanywa italipwa na nani, na akiba ya uzeeni itabaki wapi. Majibu yadaiwe kwa maandishi, na nakala itunzwe nyumbani, kwa sababu aliyenunua leo anaweza kuuza kesho.